Nungunungu wa Majina Thelathini na Moja

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema kabla hamjalisikia kwa watu wa Tinde, maana wao wakilisimulia hutia chumvi mpaka mtu anaomba maji. Mimi Zamoyoni, niliyebeba mizigo ya vita vya wazungu bila kujua wanagombea nini, niliyetandika mataruma ya reli ya Mwanza nikiwa na homa, niliyefukuzwa mashamba mawili ya mkonge kwa ajili ya mdomo wangu, nilidhani nimekwisha kufundishwa yote. Kumbe lilibaki somo moja, na mwalimu wake alikuwa nungunungu wa kitambaa.

Mwaka huo ulikuwa wa thelathini na sita. Nilikaa mjini Shinyanga, kwenye baraza ya fundi cherehani, nikiwaandikia watu barua kwa herufi za Kiarabu kwenda kwa ndugu zao wa Tabora na Ujiji. Barua zikipungua, nachora. Lakini sichori kama wanavyochora watoto wa shule. Naandika maneno, nayapinda, nayarefusha, nayabebesha moja juu ya jingine, mpaka mwenye kusoma anasoma na asiyejua kusoma anaona kitu. Juu ya mlango wa fundi niliweka bismillahi imekaa kama njiwa, na wateja wake walikuwa wakisimama kuitazama hata wakisahau suruali zao ndani.

Njiwa huyo ndiye aliyemleta Mihayo. Alikuwa mtu mrefu wa Tinde, ningi wa Wanunguli. Ningi ndiye kiongozi wa ngoma, anayetunga na kuimbisha, na Wanunguli ni chama cha wawindaji wa nungunungu. Mtu wa pwani akisikia wawindaji wa nungunungu hucheka. Asicheke. Watu hawa huingia kwenye shimo la mnyama kwa tumbo, mkuki mbele, giza mbele ya mkuki. Mavuno yakiisha hucheza ngoma ya uwindaji wao.

Kule mashindano ya ngoma ni hivi. Makundi mawili hucheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila moja na ngoma zake, na watu huzunguka wanakopendezwa. Mwisho wa siku mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, hutazama upande gani una watu wengi. Basi, hao ndio washindi. Ndiyo maana kila ningi huhangaika kutafuta kioja cha kuvuta macho. Mshindani wa Mihayo, Maduhu, alikuwa wa Wayeye, wacheza na nyoka, naye alikuwa na chatu mzima wa kujivika shingoni. Miaka miwili mfululizo yule chatu alikuwa amewala Wanunguli bila kufungua kinywa.

Mihayo alimtazama njiwa wangu muda mrefu, akauliza kama naweza kumtolea nungunungu mkubwa kama ng'ombe, juu ya nguo ya marekani. Nikamwambia naweza, lakini neno la Mungu silitii ndani ya mnyama wa kuwindwa, tena uwanjani kwenye pombe. Anipe maneno mengine. Anipe, kwa mfano, majina ya wachezaji wake. Akanitajia majina thelathini. Alipofika mwisho akafikiri kidogo, akaongeza la Mageni, mpiga ngoma wao aliyekwenda kuchimba dhahabu Geita, ili chama kisipungue mtu.

Hapa ndipo ujinga ulipoanza. Yeye alidhani majina nitayapanga pembeni ya picha, kama karani anavyopanga watu wa kodi. Mimi nilikusudia yawe nungunungu mwenyewe, na sikumwambia. Nilitaka kumshangaza.

Kazi ilinichukua siku tisa. Nilikaza marekani kwa uji wa muhogo, nikachonga kalamu ya tete yenye mdomo mpana kama kidole gumba, nikachanganya masizi ya kandili na gundi ya mgunga. Kila jina likawa mwiba. Alifu na lamu zilisimama zenyewe, maana hizo zilizaliwa miiba. Majina yasiyo na herufi ndefu niliyavuta kwa nguvu mpaka yakakubali. Matumbo ya herufi, zile nuni na yee, yakakusanyika chini yakawa mwili. Jina la Mihayo nikalikunja likawa kichwa. La Mageni, kwa kuwa lilikuja mwisho, nikalitia katikati ya ubavu, penye nafasi. Nilipomaliza nilikaa chini nikamtazama yule mnyama, nikaogopa kumsogelea.

Siku ya ngoma nilipanda lori la pamba mpaka Tinde, nguo imeviringishwa begani. Walipoifungua wakainyanyua kati ya miti miwili, uwanja mzima ulinyamaza, kisha ukavuma. Watu wakatoka kwa Maduhu kama mtama unaomwagika kwenye kikapu kilichotoboka. Chatu alining'inia shingoni mwa bwana wake, hana wa kumtazama. Wanunguli wakacheza mpaka vumbi likawa refu kuliko wao, na mimi nimesimama kando ya kitambaa changu nikipokea sifa kwa mikono miwili.

Maduhu alimkabidhi mtu mwingine nyoka, akaja. Alikuwa mnene, mpole wa sauti, na mpole wa sauti ni mtu wa kuogopwa. Akanisalimu vizuri, akasifu kazi, akaniambia ameona kama maandishi mle ndani, lakini yeye mtu wa porini hajui, pengine macho yanamdanganya. Je, ni maandishi kweli?

Mimi nani nisijibu? Nilichukua fimbo, nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, nikawaambia watu kwa sauti kubwa kwamba hawa si miiba, hawa ni Wanunguli wenyewe. Nikaanza kusoma. Mwiba huu ni Ngassa. Huu ni Ngassa mwingine, mdogo wake. Kichwa hiki ni Mihayo. Na huu wa katikati ya ubavu, mnene, ni Mageni aliyeko Geita.

Nilitegemea vigelegele. Ngoma ya kwanza ikanyamaza, ya pili ikafuata. Wachezaji walikuwa wamesimama na mikuki yao, wananitazama kama mtu aliyetapika kwenye chungu cha chakula.

Sikuelewa mpaka Maduhu alipowageukia. Hakupaza sauti.

"Haya, ndugu zangu, mwisho wa ngoma yenu umefika," alisema. "Chomeni mkuki kama desturi. Mtaanza na nani?"

Watu wa Tinde wote walijua, ila mimi wa mjini. Ngoma ya Wanunguli huishia kwenye windo: ningi humrukia mnyama, ambaye siku nyingine huwa ngozi iliyojazwa majani, akamchoma mkuki, na kila mchezaji akamfuata. Safari hii mnyama wa kuchomwa alikuwa kitambaa changu. Nami nilikuwa nimewatia wote ndani yake mmoja mmoja, kwa majina waliyopewa na mama zao, kisha nikapanda kinu kuwatangazia.

Wasipochoma, ngoma imekufa njiani na wameshindwa. Wakichoma, wanajichoma. Watu walianza kuondoka, si kwa kwenda kwa nyoka tu, bali kwa kukaa mbali nasi. Nikasikia neno likipita kinywa kwa kinywa kwa Kisukuma, na Kisukuma changu kibovu kilitosha kulijua. Walikuwa wananiita mchawi.

Wachezaji wakanizunguka. Ngassa mkubwa akasema wazi kwamba nimetumwa na Maduhu, nimelipwa niwafunge majina yao. Maduhu akacheka kidogo, hakukana wala hakukubali, na kule kutokukana kwake kulinifikisha karibu na kaburi kuliko homa yote ya reli. Nikaanza kujitetea kwa njia yangu ya siku zote, yaani mzaha. Nikawaambia huu ni wino tu, masizi na gundi, kwamba kama masizi yangeua watu basi wapishi wa dunia nzima wangekwisha. Hakucheka hata mmoja.

Akatokea mwanamke kwenye kundi la wabeba maji, mtungi bado kichwani. Alikuwa Limi, mke wa Mageni. Hakuwa na haraka. Aliutua mtungi, akaja mpaka mbele yangu, akanishika mkono wa kulia juu ya kiwiko, akauvuta juu mkono wa shati langu. Hapo palikuwa na hirizi yangu, ya ngozi nyekundu.

"Na humu ndani mna nini, Mswahili?"

Nikaifunika kwa kiganja.

"Mna karatasi," akasema. "Karatasi imeandikwa nini? Jina lako?"

Nikasema ndiyo, jina langu, na dua.

"Basi usituambie wino ni wino tu. La kwako umelishonea ngozi. La mume wangu umelitia kwenye mnyama wa kuchimbuliwa, na yeye sasa hivi yuko chini ya ardhi."

Mageni alikuwa Geita kwenye mashimo ya dhahabu, mawe juu ya kichwa chake, anaingia kwa tumbo kama anavyoingia kumfuata nungunungu. Limi alikuwa bado amenishika mkono, na vidole vyake vilizidi kukaza. Si kwa hasira. Nilitamani ingekuwa hasira.

Mihayo akanivuta pembeni. Alisema polepole ili nisikose neno.

"Sikia. Tukishinda leo, nitawaambia watu uliteleza. Tukishindwa, ulitumwa. Nami sitakuwa na nguvu ya kuwazuia."

Nikatazama jua. Saa kumi na kitu. Upande wa Maduhu ngoma zilikuwa zimechangamka na chatu amerudi shingoni. Upande wetu walibaki ndugu wa wachezaji na mbwa wawili.

Ndipo ilipobidi nitoe siri ambayo ningeificha mpaka kufa. Mihayo aliponipa beberu wa ujira nilimwapia kwamba wino wangu utadumu mpaka wajukuu wake wauone. Uongo. Dawa ya kushika wino kwenye nguo ni ghali, sikununua. Masizi yale yalikaa juu ya uji wa muhogo kama mgeni asiyealikwa. Maji kidogo tu yangeyatoa. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia kwetu maandishi huoshwa, na yaliyooshwa yamerudi kwa mwenyewe. Kila mtu na aoshe mwiba wake kwa mkono wake, achukue jina lake, kisha kisichokuwa na jina wakichome watakavyo.

Mihayo alinitazama kwa muda kama anayechagua atanipiga sasa au baadaye. Beberu yule alimpita machoni, niliona. Kisha akaita ngozi ya ng'ombe.

Wakaitandaza ngozi chini, kingo zimeinuliwa kwa mawe, wakalaza kitambaa juu yake. Maji yalikuwa ya kunywa, ya wachezaji, wanawake walikuwa wameyateka tangu alfajiri kwenye kisima cha mbali, na ilikuwa kiangazi. Limi ndiye aliyemwaga mtungi wa kwanza. Mtu akaguna aliposikia maji yakidondoka. Kumwaga maji ya kunywa mwezi wa saba si jambo dogo kule, na wale waliokuwa pembezoni mwa uwanja wa Maduhu waligeuza shingo.

Ila mwiba gani ni wa nani? Aliyejua ni mimi peke yangu. Nikapiga magoti kwenye ukingo wa ngozi, fimbo mkononi, Ngassa mkubwa amesimama nyuma yangu na mkuki. Aliniambia nikimwonyesha mtu jina lisilo lake, ule mkuki hautapotea bure. Kwa hiyo nilisoma kazi yangu mwenyewe kama mtoto wa chuo cha Kurani anayesubiri bakora. Mahali pengine nilikuwa nimeyapinda majina kwa urembo hata mwenyewe nayapapasa. Jasho lilinidondoka puani likaanguka kwenye kitambaa, nikaogopa lisije likafuta mtu.

Wa kwanza alipiga magoti, akatia kiganja kwenye maji, akasugua. Mwiba ukayeyuka chini ya mkono wake. Akainua kiganja cheusi juu ili watu wakione, akataja jina lake, na mpiga ngoma, sijui nani alimwambia, akalipigia pigo moja zito. Wa pili vivyo hivyo. Jina, pigo. Wa tatu. Kati ya jina na jina palikuwa na kimya ambacho sijakisikia kwenye ngoma nyingine yoyote, kimya cha watu wanaongoja kuona kama fulani atapona.

Kwa akina Ngassa kukawa na ubishi. Ngassa mdogo alishikilia kwamba nimempa mwiba wa kaka yake, eti wake hauwezi kuwa mfupi hivyo. Nikamsomea herufi kwa herufi. Kaka mtu akamwambia ashukuru ana mwiba, aoshe. Akaosha.

Niliinua macho mara moja tu. Kulikuwa na miguu mingi mbele yangu kuliko nilivyoiacha. Watoto walikuwa wamepenya kati ya magoti ya watu wazima, na watu waliokuwa nyuma walikuwa wanauliza sasa ni nani, bado wangapi. Nungunungu aliendelea kunyonyoka. Alipobaki na miiba mitano mwanamke mmoja alisema amekuwa panya, watu wakacheka, kisha wakanyamaza upesi kwa kuwa Mihayo alikuwa ndiyo kwanza anapiga magoti. Akaosha kichwa, yaani jina lake. Maji katikati ya ngozi yalikuwa meusi kama macho ya ng'ombe.

Ukabaki mmoja, katikati ya ubavu.

Hakuna mwanamume aliyesogea. Kuosha jina lako ni kulichukua. Kuosha la mwenzako ni kuchukua nini? Mihayo aliwatazama watu wake, nao wakatazama vidole vyao vya miguu. Ngoma ilikuwa inangoja na pigo lake.

Limi akapiga magoti. Akasugua taratibu, kwa kiganja chote, kama mtu anayemwogesha mgonjwa, mpaka marekani ikabaki ya kijivu tupu. Kisha hakukiinua kiganja. Alikamulia kitambaa pale ndani ya kata ya kuchotea maji, maji yakajaa nusu, akanipa mimi.

"Wewe ulimwingiza," alisema. "Wewe umtoe."

Kila mtu alikuwa ananitazama, na mkuki wa Ngassa nilikuwa nausikia mgongoni kama mtu anayepumua. Nikasema bismillahi, nikanywa. Masizi, gundi, uji mchachu, na vumbi la Tinde nzima. Nikalamba midomo, nikainua kata juu chini ili wauone utupu wake, nikataja kwa sauti yote niliyobakiwa nayo: Mageni. Pigo likaja. Limi akafumba macho. (Mwenyewe alirudi mwezi wa tisa na baiskeli, hana mkwaruzo, akaniuliza kwa nini mkewe hataki kuniona.)

Hapo Mihayo akaruka. Wakakinyanyua kile kitambaa kitupu, kinachuruzika maji, na mkuki wake ukapita katikati, na ya wenzake ikafuata, na ngoma zote zikaamka pamoja. Uwanja ulikuwa umetujaa. Kwa Maduhu walibaki wapiga ngoma wake na chatu, ambaye nadhani naye angekuja kama angekuwa na miguu.

Nikadhani nimepona. Lakini mwanangwa alipokuja kutoa neno, Maduhu alimwendea mbele. Alisema kwa ule upole wake kwamba hesabu hiyo haifai. Wanunguli waliacha kucheza katikati, watu wote ni mashahidi. Walichofanya baada ya hapo si ngoma, ni kufua nguo, na kwa desturi kundi lililoacha kucheza limeshindwa. Mwanangwa akakuna kidevu. Alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki ndiye hatari zaidi, maana neno la Maduhu lilikuwa na ukweli ndani yake. Akasema kweli, wachezaji waliacha. Akasema kweli, hajaona ngoma ya kufua tangu azaliwe. Nikamwona Ngassa mkubwa akihamisha mkuki kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Nikafungua mdomo kusema kitu, Mihayo akaniambia nikiufunga ndiyo nitakuwa nimemsaidia.

Limi alikuwa bado amepiga magoti kando ya ngozi, anakung'uta mikono. Akasimama, akajifuta kwenye nguo yake, akamtazama Maduhu.

"Sawa baba, sisi tulifua," alisema. "Sasa waulize wake zako wawili wale, waliosimama mbele kabisa: ngoma yako ina nini hata wakaiacha, wakaja kutazama watu wanafua?"